Timu za NFL huchaguaje wachezaji wa vyuo, na ilikuwaje Brady akafika nafasi ya 199?

Swali la msomaji: "Nimezoea soka la Ulaya, ambako klabu yenye hela husajili imtakaye. Naambiwa kwenye NFL timu iliyovurunda ndiyo hutangulia kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Zamu zinapangwaje? Timu inajuaje kwamba kijana wa miaka 21 atafaa? Na kama kweli wanajua, ilikuwaje Tom Brady, aliyekuja kuwa bingwa mara saba, akasubiri hadi nafasi ya 199?"

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu linafungua mengine yote: hawajui. Timu zote 32 za NFL zina maskauti (wachunguza vipaji), madaktari, wachambuzi wa takwimu na fedha za kutosha, na bado kumtabiri kijana wa chuo ni kubahatisha. Timu inayofanikiwa kwenye drafti, yaani uchaguzi huo wa vijana kwa zamu, mwaka hadi mwaka ni ile iliyoukubali ukweli huo na kupanga kazi yake kwa kuuzingatia. Ile inayojiamini kupita kiasi ndiyo hutoa zamu zake za miaka miwili au mitatu ili kumpata kijana mmoja.

Tuje kwenye zamu. Utaratibu huu ulipendekezwa mwaka 1935 na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikiburuza mkia huku chache zenye fedha zikiwasajili vijana wote wazuri. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia tarehe 8 Februari 1936. Aliyechaguliwa wa kwanza, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kushika nafasi ya kwanza hakujawahi kuwa hakikisho la chochote.

Siku hizi drafti huchukua siku tatu mwishoni mwa Aprili, na tangu 1994 ina raundi saba: Alhamisi ya kwanza, Ijumaa ya pili na ya tatu, Jumamosi zilizobaki. Kila raundi ina zamu 32. Timu 18 ambazo hazikuingia mtoano hushika zamu ya 1 hadi ya 18, yenye matokeo mabovu zaidi ikitangulia. Zamu ya 19 hadi ya 24 ni za timu zilizotolewa katika hatua ya kwanza ya mtoano, ya 25 hadi ya 28 za zilizotolewa hatua ya pili, ya 29 na ya 30 za zilizofungwa kwenye fainali za makonferensi (makundi mawili makuu ya ligi), ya 31 ya aliyefungwa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, na bingwa hufunga raundi.

Timu zikilingana kwa ushindi na vipigo, hutazamwa ugumu wa ratiba, yaani wapinzani wake wote wa msimu walishinda mechi ngapi kwa jumla. Aliyekutana na wapinzani dhaifu zaidi hutangulia, kwa hoja kwamba kupata vipigo vilevile mbele ya wapinzani wepesi ni dalili ya ubovu zaidi. Kabla ya drafti ya 2025, Tennessee Titans, Cleveland Browns na New York Giants walikuwa wamemaliza msimu sawasawa: ushindi 3, vipigo 14. Ugumu wa ratiba uliwapa Titans zamu ya 1, Browns ya 2 na Giants ya 3. Katika raundi zinazofuata timu zilizolingana hupokezana, hivyo zamu ya 33 ilikuwa ya Browns, ya 34 ya Giants, na Titans wakashuka hadi ya 35. Wengi hudhani mpangilio wa raundi ya kwanza hujirudia vilevile, kisha wanashindwa kuelewa jedwali la Ijumaa.

Juu ya zamu hizo 224 kuna za fidia, zisizozidi 32 kwa mwaka, zinazowekwa mwishoni mwa raundi ya tatu hadi ya saba. Timu iliyopoteza wachezaji huru (waliomaliza mikataba) wengi zaidi, au wa thamani kubwa zaidi, kuliko iliowasajili hulipwa kwa zamu hizo, nne kwa timu zikizidi sana. Hesabu hutazama mshahara alioupata mchezaji huko alikokwenda, muda aliocheza na tuzo alizopata. Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wengi hulipita: mchezaji aliyeachwa na timu yake kabla ya mkataba kwisha haingii kwenye hesabu. Ndiyo maana mameneja makini hupenda kusajili walioachwa, maana humpata mtu bila kufuta fidia yao. Tangu 2017 zamu hizi zinaruhusiwa kuuzwa kama nyingine. Tangu 2020 kuna pia zamu za ziada za raundi ya tatu kwa timu iliyomlea kocha au kiongozi kutoka jamii za wachache akaajiriwa kwingine kuwa kocha mkuu au meneja mkuu. Ukijumlisha zote, drafti ya 2025 ilikuwa na zamu 257.

Kijana huruhusiwa kuingia akiwa amemaliza miaka mitatu tangu sekondari. Maurice Clarett wa Ohio State alikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo, akashindwa kwenye rufaa mwaka 2004. Aliye na muda wa kucheza chuoni uliobaki hutangaza nia yake katikati ya Januari, na kabla ya hapo anaweza kuomba maoni ya kamati ya ushauri ya ligi, inayojibu kwa ufupi sana: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au rudi chuoni. Tangu Julai 2021, wachezaji wa vyuo waliporuhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, wanaorudi chuoni wameongezeka. Kwa hiyo raundi za mwisho zimekuwa na vijana wachache wa miaka 21 na wengi wa 23 au 24. Maskauti huliona hilo kwenye ubao wao wa kupangia majina, kwa sababu mtu wa miaka 24 anayewashinda wa miaka 19 hajathibitisha mengi.

Wewe uliyezoea soka la Ulaya utauliza: mchezaji mwenyewe hana kauli? Anayo ndogo. Timu iliyomchagua ndiyo pekee inayoweza kumsajili hadi drafti ya mwaka unaofuata. Akikataa, anakaa nje mwaka mzima na kuingia upya. Bo Jackson alifanya hivyo: Tampa Bay Buccaneers walimchagua wa kwanza mwaka 1986, akawakatalia na kwenda kucheza besiboli na Kansas City Royals, na mwaka 1987 Raiders wakamchukua raundi ya saba. John Elway mwaka 1983 na Eli Manning mwaka 2004 waliweka wazi kwamba hawatazichezea timu zilizowachagua, na wote wawili wakahamishwa, Elway kwenda Denver na Manning kwenda New York. Mbinu hiyo huwafaa makwotabeki (wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi) wachache wanaotamaniwa na kila timu. Kijana wa raundi ya tano akijaribu, atasahauliwa.

Mshahara nao hauna mjadala mrefu tangu mkataba wa ligi na chama cha wachezaji wa mwaka 2011. Kabla ya hapo Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alipata mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo zikiwa za uhakika. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye wa kwanza, alipata miaka minne kwa dola milioni 22. Leo kila aliyechaguliwa husaini miaka minne kwa kiwango kinachotegemea nafasi yake, na wa raundi ya kwanza timu inaweza kumwongezea mwaka wa tano. Kikomo cha mishahara kwa timu nzima kilikuwa dola milioni 279.2 mwaka 2025. Ukimpata kwotabeki mzuri kwa bei ya mkataba wa kwanza, fedha zilizobaki zinajenga timu iliyomzunguka. Brock Purdy alichaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa, mwaka 2022, akaifikisha San Francisco 49ers Super Bowl akilipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2025 alisaini miaka mitano kwa dola milioni 265. Pengo hilo la bei ndilo linalozifanya timu ziihangaikie drafti kuliko usajili mwingine wowote.

Sasa kazi yenyewe ya kuchunguza, ambako ndiko kwenye uzito. Inaanza karibu mwaka mzima kabla. Timu nyingi ni wanachama wa moja kati ya mashirika mawili ya pamoja, BLESTO na National, ambayo wakati wa masika huzipa orodha ya wachezaji wanaoingia mwaka wa mwisho, pamoja na alama za awali na vipimo. Kisha kuanzia Agosti hadi Novemba skauti wa kanda huzunguka vyuo vya eneo lake. Asubuhi anaketi kwenye chumba cha video cha chuo, mchana anatazama mazoezi, na katikati anazungumza na watu: kocha wa mazoezi ya nguvu, mtaalamu wa viungo, mshauri wa masomo, hata anayetunza vifaa. Skauti mzuri huwathamini hao wa chini kuliko kocha mkuu, kwa sababu kocha mkuu ana sababu ya kumnadi kila mchezaji wake, na mtunza vifaa hana.

Ripoti yake ina sehemu zinazojulikana. Kwanza vipimo vilivyohakikiwa: urefu huandikwa kwa tarakimu nne, kwa mfano 6021, maana yake futi 6, inchi 2 na sehemu moja ya nane, kisha uzito, upana wa kiganja na urefu wa mkono. Mkono haupimwi kwa mapambo. Mlinzi wa pembeni katika safu ya mbele, anayemkinga kwotabeki, akiwa na mkono chini ya inchi 33 (sentimita 84 hivi), timu nyingi humhamishia ndani ya safu, kwa sababu mpinzani mwenye mikono mirefu anayemkimbiza kwotabeki atamshika kifuani kabla yeye hajamgusa. Halafu mechi: angalau tatu au nne nzima, na lazima iwemo aliyocheza na mpinzani mkali na aliyocheza vibaya. Anayetazama vipande vilivyochaguliwa vya mtandaoni anatazama tangazo. Mwisho huja hukumu, ambayo hailengi kusema kijana ni mzuri kiasi gani. Inalenga kusema atafanya kazi gani kwenye timu yetu: ataanza mwaka wa kwanza, ataanza mwaka wa pili au wa tatu, ni wa akiba na vikosi maalumu (vya mipira ya mateke), au ni wa kikosi cha mazoezi. Kila kiwango kina namba yake, na namba ndiyo inayobandikwa ubaoni.

Mtu mmoja hatoshi. Mchezaji yuleyule huchunguzwa tena na skauti wa kitaifa, kisha mkurugenzi wa skauti za vyuo, meneja mkuu, na kocha wa nafasi yake. Desemba na Februari wote hukutana na kusoma ripoti jina kwa jina. Hatari kubwa ya mikutano hiyo ni mwenye cheo kusema kwanza: akishatamka kwamba kijana ni wa raundi ya kwanza, skauti mchanga aliyemwona mara tatu uwanjani atanyamaza. Timu zilizotulia humtaka skauti wa kanda aanze na bosi amalize.

Mwishoni mwa Januari hufanyika Senior Bowl huko Mobile, Alabama, ambako waliomaliza vyuo hufanya mazoezi wiki nzima mbele ya ligi yote. Mechi yenyewe haina uzito mkubwa. Yanayotazamwa ni mazoezi ya mmoja kwa mmoja, hasa kwa kijana wa chuo kidogo ambaye hakuwahi kukutana na wapinzani wa daraja la juu.

Kisha huja kambi ya vipimo ya Indianapolis, mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, ikialika wachezaji zaidi ya 300. Televisheni huonyesha mbio za yadi 40, yaani mita 36.6. Xavier Worthy aliweka rekodi ya sekunde 4.21 mwaka 2024. Huruka juu, huruka mbele, hukimbia kwa kugeuka kuzunguka koni tatu, na hunyanyua uzito wa pauni 225 (kilo 102) mara nyingi wawezavyo. Vipimo hivi vina kazi yake, ila isomwe kwa nafasi: kwa mtu wa safu ya mbele yadi 10 za kwanza zina maana kuliko 40 zote, kwa kuwa katika mechi ni nadra akimbie mbali zaidi ya hapo. Kosa la kawaida ni kuiacha saa ishinde video. Mwaka 2017 John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati Bengals wakamchukua wa 9. Majeraha yalimwandama, na mchango wake ukawa mdogo. Aliyemfuata, wa 10, alikuwa Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa nyota wa ligi.

Kilicho muhimu zaidi Indianapolis hakionyeshwi: uchunguzi wa afya. Madaktari wa timu zote 32 humpima kila mchezaji, viungo vyote vilivyowahi kuumia hupigwa picha, na wale wenye mashaka huitwa tena Aprili. Kila timu hutoa alama yake ya afya, na mara nyingi hazifanani. Jaylon Smith wa Notre Dame, aliyetarajiwa kuwa miongoni mwa wa juu kabisa, aliumia vibaya goti na neva katika mechi ya tarehe 1 Januari 2016. Timu nyingi zilimwondoa kwenye ubao. Dallas Cowboys walimchukua wa 34, na daktari aliyemfanyia upasuaji alikuwa daktari wa timu yao wenyewe. Hakucheza mwaka wa kwanza, lakini kufikia 2019 alichaguliwa kwenye Pro Bowl, mkusanyiko wa nyota wa ligi. Unaposhangaa kwa nini jina kubwa linateremka raundi nzima bila maelezo, mara nyingi sababu imo kwenye faili la daktari ambalo hutaliona.

Mahojiano rasmi ya Indianapolis ni 45 kwa kila timu, dakika kama 20 kila moja. Kwotabeki hufundishwa mpango wa shambulizi mwanzoni, huulizwa mambo mengine kabisa, kisha hutakiwa kuuchora upya ubaoni. Baadaye, Machi, kila chuo huwa na siku yake ya vipimo, na timu inaruhusiwa kuwaalika wachezaji 30 makao makuu kwa mazungumzo na uchunguzi wa afya, bila kuwafanyisha mazoezi. Usichukulie kila mwaliko kuwa ni dalili ya mapenzi. Nafasi nyingine hutumika kumaliza shaka, na nyingine ni za kuwapoteza wapinzani maboya.

Aprili ubao hukamilika. Safu za wima ni nafasi za uchezaji, safu za mlalo ni alama. Kati ya maelfu wanaoruhusiwa kuingia, ubao wa timu huishia na majina kama 150, pengine 200. Waliobaki wameondolewa kwa afya, tabia, au kutoufaa mfumo wa kocha. Jambo moja litakusaidia sana kuelewa usiku wa Alhamisi: raundi ya kwanza ina zamu 32, lakini kwa kawaida timu haitoi alama ya raundi ya kwanza kwa zaidi ya wachezaji 15 hadi 20. Zamu ikiwa ya 26 na wale wote wamekwisha, unalipa bei ya raundi ya kwanza kwa mtu wa raundi ya pili. Hapo ndipo timu hupiga simu kutafuta wa kubadilishana naye zamu.

Biashara hiyo ina bei. Mwaka 1991 Dallas Cowboys chini ya Jimmy Johnson walitengeneza jedwali: zamu ya 1 pointi 3,000, ya 2 pointi 2,600, ya 5 pointi 1,700, ya 10 pointi 1,300, ya 16 pointi 1,000, ya 32 pointi 590. Timu leo zina majedwali yao mapya, ila lile la Cowboys bado hutumika kama lugha ya kuanzia mazungumzo. Hebu tulijaribu jedwali hilo kwa Mahomes. Kansas City Chiefs walikuwa na zamu ya 27, yenye pointi 680. Ili wapande hadi ya 10 waliwapa Buffalo Bills hiyo ya 27, ya 91 yenye pointi 136, na zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2018. Mbili za kwanza zinafika 816. Zamu ya mwaka ujao kwa desturi hushushwa raundi moja, kwa hiyo ihesabu kama ya katikati ya raundi ya pili, pointi 400 na ushee. Jumla inakaribia 1,300. Bei ilikuwa halali, na kilichofuata kimeibadili Kansas City kabisa.

Ila usijifunze kutokana na mfano huo peke yake, maana ndivyo mameneja wengi walivyoponzwa. Mwaka 1999 New Orleans Saints walitoa zamu zao zote za mwaka huo pamoja na ya raundi ya kwanza na ya tatu ya 2000 ili kumpata mmoja tu, Ricky Williams, mchezaji wa kukimbia na mpira. Mwaka 2023 Carolina Panthers walipanda kutoka zamu ya 9 hadi ya 1 kumchukua Bryce Young, wakawapa Chicago Bears zamu ya 9, ya 61, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao bora wa pasi, DJ Moore. Panthers walimaliza msimu huo na ushindi 2 na vipigo 15, hivyo zamu waliyoitoa ikawa ya 1 mwaka 2024, na Bears wakamchukua Caleb Williams kwa hiyo. Kosa hapo halikuwa la jicho tu. Walimpa kijana timu waliyoipokonya mpokeaji wake, kisha wakamtaka aiokoe.

Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walichunguza drafti za miaka mingi wakaona kwamba mchezaji aliyechaguliwa humzidi anayemfuata katika nafasi yake ya uchezaji mara 52 hivi katika kila 100. Hiyo ni karibu sawa na kurusha sarafu. Kwa hiyo, mahali ambapo huna kwotabeki wa kumpigania, hesabu inakutaka ushuke, ukusanye zamu nyingi, na urushe sarafu mara nyingi zaidi. Binafsi naona hili ndilo somo ambalo timu hulisikia kila mwaka na kulisahau saa mbili kabla ya Alhamisi usiku, mmiliki akishaingia chumbani.

Siku yenyewe saa ni kali. Katika drafti ya 2025 kila timu ilikuwa na dakika 10 raundi ya kwanza, 7 ya pili, 5 kuanzia ya tatu hadi ya sita, na 4 ya saba. Timu zikibadilishana zamu, zote mbili lazima zithibitishe kwa ligi kabla muda haujaisha. Ukiisha, hupotezi zamu, ila anayefuata anaweza kukutangulia. Mwaka 2003 Minnesota Vikings, wenye zamu ya 7, walikuwa wakikamilisha makubaliano na Baltimore Ravens, uthibitisho ukachelewa na saa ikaisha. Jacksonville wakakimbilia kumchukua Byron Leftwich, Carolina wakamchukua Jordan Gross, na Vikings wakachagua wa 9. Walimpata Kevin Williams, aliyekuja kuwa miongoni mwa walinzi bora wa kizazi chake.

Sasa Brady. Chuoni Michigan alilazimika kugawana nafasi na Drew Henson, kijana aliyependwa zaidi. Kambini alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, na mwili wake ulikuwa mwembamba. Yote hayo yalionekana na kupimika. Yasiyopimika kirahisi yalikuwepo pia: katika mechi yake ya mwisho, Orange Bowl, aliwarudisha Michigan kutoka nyuma mara mbili wakaifunga Alabama katika muda wa nyongeza, akirusha yadi 369. Makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake mwaka 2000. New England Patriots wenyewe walichagua wachezaji wengine sita kwanza, kisha wakamchukua kwa zamu ya fidia raundi ya sita. Kama wangejua atakuja kushinda Super Bowl saba, wasingethubutu kumwacha apite hata zamu moja. Walichofanya vizuri ni kwamba, zamu ilipofika na jina lake lilikuwa juu kabisa ya waliobaki ubaoni, walimchukua ingawa tayari walikuwa na kwotabeki Drew Bledsoe, kisha wakamweka kwenye kikosi kama kwotabeki wa nne, jambo ambalo timu chache hulifanya.

Na wasiochaguliwa? Raundi ya saba ikikaribia mwisho, simu za mawakala huwa hazitulii. Asiyechaguliwa huchagua mwenyewe timu ya kusaini nayo, na wakala mzuri humtafutia penye upungufu katika nafasi yake. Kurt Warner, Tony Romo na Antonio Gates walipitia mlango huo, na Gates chuoni alikuwa mchezaji wa kikapu. Mlango huohuo ulimpitisha Daniel Adongo wa Nairobi, mchezaji wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kucheza chuo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Kwa wasiotoka vyuo vya Marekani sasa kuna programu ya ligi ya wachezaji wa kimataifa, iliyoanza 2017. Jordan Mailata wa Australia, naye wa raga, aliipitia akachaguliwa na Eagles wa 233 mwaka 2018, na leo ni mlinzi wao wa kushoto. Tangu 2024 kila timu inaruhusiwa nafasi ya 17 kwenye kikosi cha mazoezi kwa ajili ya mchezaji wa kimataifa. Mwenye kuipata hufanya mazoezi pamoja na waliochaguliwa raundi ya kwanza, na mwishoni mwa Agosti, wachezaji 90 wanapopunguzwa hadi 53, hakuna anayeulizwa tena alichaguliwa wa ngapi.